Magari Yaliyotujengea Ua: Kutoka Kilomita 38 Hadi 400

Ndugu zetu wa nyumbani, mlio mashambani na mlio mbali,

Kila mwaka kijitabu hiki hutenga nafasi ya historia kidogo, ili watoto wetu waliozaliwa mijini wajue asili ya vitu wanavyoviona wakija likizo. Mwaka huu tumechagua ule ua wa stima unaopita juu ya mashamba yetu, mpakani mwa msitu wa Nyandarua, ambao ramani huuita Aberdare. Wengi wetu hudhani ulijengwa na serikali peke yake. Sivyo. Ulianza na watu wanaopenda magari, na siku moja ya mchezo porini.

Wenye umri wa miaka hamsini na zaidi wanakumbuka hali ilivyokuwa hapo awali. Ndovu na nyati walishuka usiku. Baba alikesha shambani kando ya moto, mama akapiga debe, na asubuhi mtoto akaenda shule macho mekundu. Viazi vya msimu mzima viliweza kwisha usiku mmoja. Huko juu msituni nako majangili waliwaua faru weusi kwa ajili ya pembe. Mwaka 1970 Kenya ilikadiriwa kuwa na faru weusi wapatao 20,000. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki chini ya 400 nchi nzima.

Mwaka 1988 likaundwa shirika la hisani la Rhino Ark, kwa nia ya kuwakinga faru wa Nyandarua. Shabaha yake ya kwanza ilikuwa ndogo: ua wa umeme wa kilomita 38 upande wa mashariki wa hifadhi, katika ile sehemu iitwayo Salient inayoteremka kuelekea Nyeri, ambako msitu na mashamba vilipakana bila kitu katikati. Kazi ilikuwa wazi, pesa ndizo hazikuwepo. Ndipo Ken Kuhle na wapenzi wenzake wa magari wakaanzisha mashindano ya kuchangisha fedha. Mwaka 1989 Rhino Charge ikaendeshwa kwa mara ya kwanza.

Mashindano haya si ya mbio. Magari hupelekwa mahali pasipo na barabara, na mahali penyewe huwa siri hadi siku zikaribie. Kuna vituo 13 vilivyotawanywa porini, na kila gari lina saa 10 kuvifikia vyote. Mshindi ni yule aliyetembea umbali mfupi zaidi, si yule aliyewahi. Kwa hiyo madereva hukata njia moja kwa moja, kupitia makorongo, miamba na vichaka vya miiba, huku wenzao wakitangulia kwa miguu kutafuta mahali gurudumu litakapopita. Utaona Land Rover na Range Rover za zamani zilizovuliwa milango, zimeimarishwa na mafundi kwa miezi mingi, zikirudi jioni zimebondeka na springi zimekatika.

Lakini kabla gari halijawashwa, timu yake lazima iwe imekusanya mchango kutoka kwa wafadhili: jamaa, marafiki, makampuni, wafanyakazi wenzao. Kuna kiwango cha chini ambacho ukikikosa hushiriki. Na timu iliyoleta pesa nyingi kuliko zote hupewa kombe lake, hata kama gari lake lilikwama kwenye kituo cha pili.

Tuseme ukweli: si wote huku nyumbani waliofurahi mwanzoni. Wazee wengine waliuliza kwa nini matajiri wa Nairobi wacheze na magari ili faru apate ua, hali mkulima anakesha na debe. Wengine waliogopa kukosa kuni na malisho ya ng'ombe, na jambo hilo lilihitaji mazungumzo marefu kuhusu malango na vibali. Maswali hayo yalikuwa ya haki. Yaliyobadilisha mawazo ya wengi ni matokeo. Palipopita waya, mashamba ya upande wa huku yalianza kupona, na watu wa vijiji vya mbele wakauliza, "Sisi je, ua utatufikia lini?"

Hapo ndipo mpango ulipokua. Badala ya kona moja, ikaamuliwa kuzungusha ua mlima mzima. Pesa hazikungojewa zitimie. Kila mwaka magari yalikwenda porini, mchango ukahesabiwa, na kipande kingine kikajengwa kwa kushirikiana na KWS. Vijana wa vijiji vya kando ya msitu waliajiriwa kuchimba mashimo, kusimamisha nguzo na kuvuta waya. Mwezi Agosti 2009 Rais Mwai Kibaki, mwana wa Othaya, alizindua kukamilika kwa ua wote, kilomita zipatazo 400. Kutoka mwanzo hadi mwisho ilikuwa miaka 20. Baadaye kazi kama hiyo ilihamia msitu wa Eburu na Mlima Kenya.

Ua ule uliowekwa kwa ajili ya faru umelinda pia maji. Nyandarua ndiko zinakoanzia Chania, Gura na Malewa, na mto Tana hupata huko sehemu ya maji yake. Mabwawa ya Sasumua na Ndakaini, yanayonywesha Nairobi, hujazwa na mito ya milima hii.

Nasi hapo ndipo penye uchungu wetu. Maji yanatoka juu ya vichwa vyetu, yanapita mabondeni mwetu, yanakwenda kunywewa mbali. Lakini kwenye zahanati yetu mama aliyejifungua bado huletewa maji kwa mtungi, na watoto wa shule ya msingi hushuka mtoni na vibuyu wakati wa masomo.

Kwa hiyo harambee ya mwaka huu ni ya bomba. Hatuombi pesa za kufikisha maji kila boma. Tunaomba za hatua ya kwanza tu: kutoka chanzo hadi zahanati na shule. Hizo ndizo kilomita 38 zetu. Zikikamilika na watu wakaona maji yanatoka, hatua ya pili itajitetea yenyewe.

Tena tumetenga sehemu ya mchango kwa matengenezo. Ua wa stima ukiachwa, nyasi hugusa waya, nguvu hupungua, na ndovu hujua mapema kuliko binadamu. Ndiyo maana hadi leo kuna watu wanaoutembelea ua wakifyeka na kukaza waya. Bomba nalo litapasuka siku moja, na fundi atahitaji kulipwa.

Kadi ya mchango imo ndani ya kijitabu hiki. Usingoje uwe na nyingi. Ipitishe kazini, kanisani, kwenye chama chako, kama walivyofanya wenye magari. Nasi tutawasomea hesabu yote mkutanoni, shilingi kwa shilingi.

Karibuni nyumbani.