Kumbukumbu za Askari wa Zamani mjini Goma

Aprili 1916 jeshi la Kongo ya Wabelgiji, Force Publique, lilivuka kutoka Kivu kuingia Rwanda chini ya Jenerali Tombeur. Tarehe 19 Septemba likautwaa mji wa Tabora. Mwaka 1941 kizazi kilichofuata kilipigana na Waitalia huko Saio, Ethiopia. Katika familia za Goma, utumishi wa baba wa babu hukumbukwa kwa medali, kitambulisho au picha iliyofifia, kama vipo. Wapagazi wa jeshi hilo, waliokuwa wengi kuliko askari, mara nyingi hawakuacha hata vitu hivyo. Januari 2002 lava ya volkeno ya Nyiragongo iliteketeza sehemu kubwa ya katikati ya mji, masanduku ya nyumbani yakiwemo. Nyaraka nyingi za Force Publique ziko Brussels, mbali na wajukuu wa askari wake.