Ua la Tanga Lililobadilishiwa Ukoo

Ukitaka kumchokoza mpenzi wa maua ya vyungu wa Marekani, mwambie kwamba Saintpaulia haipo tena. Wana chama chao tangu 1946, wana maonyesho na majaji wa kukagua jani na petali, na ua lenyewe walilolijengea chama hicho lilifutiwa jenasi yake mwaka 2015. Ni lile ua dogo la zambarau lenye kitovu cha njano. Wataalamu waliliingiza katika jenasi kubwa zaidi iitwayo Streptocarpus. Ua lenyewe halikubadilika hata petali. Kilichobadilika ni makaratasi.

Sisi wa Tanga hakuna aliyetuuliza, japo ua ni letu. Nimefundisha bayolojia Muheza mpaka nikastaafu, na kila mwaka nilisikia wanafunzi wakikariri ngazi za uainishaji kuanzia himaya hadi spishi, kwa lafudhi ya kukariri msahafu, wakiamini kwamba makundi hayo yaliumbwa siku moja na viumbe vyenyewe. Kitabu kilisema himaya ni tano, basi ni tano. Kwamba hesabu hiyo ilipendekezwa na Mmarekani mmoja, Whittaker, mwaka 1969, na kwamba mwaka 1977 Carl Woese alikwisha kuitikisa, hilo halikuulizwa kwenye mtihani. Ndiyo maana nikawa nawasimulia habari za ua hili. Linaota kwao, na makosa yote ya wakubwa yamo ndani yake.

Wa kwanza kulipeleka Ulaya hawakuambulia kitu. John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, alipeleka mmea mkavu kwenye bustani ya Kew mwaka 1884. Mwaka 1887 akafuatia Mchungaji W. E. Taylor, yuleyule wa Mombasa aliyekusanya methali na mashairi ya Kiswahili. Vielelezo vyote viwili vilikuwa hafifu, hakuna aliyethubutu kuvitolea maelezo. Aliyewahi kukausha mmea huu hatashangaa. Jani lake ni nene, limejaa maji. Ulibane kati ya magazeti, usahau kubadilisha karatasi kesho yake, utakuta limekuwa jeusi na limenata. Petali nazo hupauka, kiasi kwamba usipoandika rangi pale pale kwenye lebo, anayekuja nyuma yako hatajua kama lilikuwa zambarau au jeupe.

Bahati ilimwangukia Walter von Saint Paul, mkuu wa wilaya ya Tanga wakati wa Wajerumani. Alilikuta kwenye nyufa za miamba ya chokaa karibu na mji, na tena huko juu Usambara. Yeye hakupeleka majani makavu, alimpelekea baba yake huko Silesia kitu chenye uhai. Baba akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, na Wendland akalitazama likichanua mbele ya macho yake. Mwaka 1893 akalitangaza kuwa jenasi mpya kabisa, Saintpaulia, na spishi akaiita ionantha. Jina la mkuu wa wilaya likabaki. La yule mwenyeji aliyemwonyesha njia ya kwenda kwenye miamba, kama alikuwapo, na mimi siamini kwamba mzungu alifika huko peke yake, halikuandikwa popote.

Wendland alikuwa na sababu zake. Maua mengi ya jamaa zake wa Streptocarpus yana mrija mrefu na tunda lililosokotwa. Hili ni bapa, na tunda lake limenyooka. Lakini angalia jinsi sababu inavyotegemea unachochagua kukitazama. Carl Linnaeus wa Sweden, aliyetuachia ule mtindo wa majina mawili katika kitabu chake cha 1753, aliipanga mimea kwa kuhesabu stameni, yaani sehemu za kiume za ua. Chukua ua letu uhesabu: stameni ni mbili, kila moja na kifuko kinono cha njano cha chavua. Basi kwa Linnaeus lingeketi ngeli moja na yasmini! Mwenyewe alijua kwamba njia hiyo ni ya kurahisisha kazi tu. Mwaka 1789 Antoine-Laurent de Jussieu wa Paris akaonyesha namna ya kupima sifa nyingi kwa pamoja. Halafu Darwin, 1859, akasema kufanana huko kwa viumbe kunatokana na asili moja. Hapo kazi ikageuka: kundi likatakiwa kueleza nasaba.

Kwetu huku kazi hiyo ilipata makao mwaka 1902, Wajerumani walipofungua kituo cha utafiti Amani, juu ya Muheza. Adolf Engler, mkuu wa bustani ya Berlin, alipita hapo mwaka huohuo. Yeye ndiye aliyekwisha kuueleza, mwaka 1900, mmea wa pili wa jamii hii, goetzeana, kutoka milima ya Uluguru. Vielelezo kutoka Usambara, Uluguru, Kilimanjaro na kwingineko vilisafiri kwenda Berlin, na kile kilichotumiwa kuelezea spishi kwa mara ya kwanza ndicho huwa marejeo yake ya daima: ukibishana na mwenzako kuhusu jina, mnarudi kwenye karatasi ile. Usiku mmoja wa Machi 1943, mabomu ya vita yaliiteketeza hebaria ya Berlin, yaani hifadhi yake ya mimea iliyokaushwa. Sehemu kubwa ya marejeo ya mimea ya Tanganyika ikawa majivu. Iliyosalimika ni ile ambayo nakala zake zilikuwa zimegawiwa kwingine, na kwa mingine ilibidi wataalamu wateue kielelezo kipya kishike nafasi ya kilichoungua.

Waingereza walipoishika Amani walimleta Peter Greenway, na huyu nampenda kuliko wote, kwa sababu alikaa akaandika kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili na ya kisayansi. Hebaria aliyoikuza Amani ilihamishiwa Kenya baadaye, nayo leo iko Nairobi, kwenye Makumbusho ya Taifa.

Sasa tuingie kwenye malaika. Nasema malaika, zile nywele laini za jani. B. L. Burtt, mtaalamu wa Edinburgh, katika miaka ya 1950 na 1960 alizichunguza kwa makini. Ukilishika jani kwenye mwanga na lenzi ya mkono, utaona mimea mingine ina malaika marefu yaliyosimama, mingine mafupi yaliyolala, mingine yote mawili kwa mchanganyiko. Kwa tofauti hizo, pamoja na umbo la jani na jinsi shina linavyokua, idadi ya spishi ilipanda hadi karibu 20. Kulikuwa na tongwensis wa Mlima Tongwe, magungensis wa Magunga, shumensis wa Shume, teitensis wa Taita. Kulikuwa na difficilis na confusa, majina ambayo hata asiyejua Kilatini ataona kwamba mtaalamu alikuwa amechoka. Tatizo lilikuwa kwamba mingi ya mimea aliyoitazama ilioteshwa vyunguni Ulaya. Mmea mmoja mmoja wa chunguni huonekana wa pekee. Ukipanda msituni ukaona mia kwenye bonde moja, malaika hubadilika kidogo kidogo kutoka jiwe hadi jiwe, na mpaka unapotea.

Mwaka 2006 Iain Darbyshire wa Kew aliandika sehemu inayohusu familia ya ua hili katika Flora ya Afrika Mashariki ya Tropiki, kazi iliyoanza kuchapishwa 1952 na kukamilika 2012 ikiwa na spishi 12,104. Akazipunguza zile 20 zikawa sita. Tongwensis, magungensis, confusa na difficilis zote zikamezwa na ionantha. Ile ya miamba ya Kilifi, rupicola, ikashushwa kuwa nususpishi. Teitensis wa Taita akabaki na cheo chake.

Wakati huohuo maabara zilikuwa zimekwisha kusema neno lao. Mwaka 1997 Michael Möller na Quentin Cronk walilinganisha DNA ya Saintpaulia na ya Streptocarpus, wakakuta jenasi ya kwanza imo ndani ya ile ya pili. Ua letu ni ndugu wa karibu zaidi wa Streptocarpus fulani wa Afrika Mashariki kuliko hao walivyo karibu na Streptocarpus wenzao wa kusini mwa Afrika. Tangu Mjerumani Willi Hennig alipoandika kitabu chake mwaka 1950, wataalamu wengi wamekubali kwamba kundi halali ni mzazi pamoja na wazao wake wote. Ni kama mirathi: huwezi kuorodhesha wajukuu wa mzee ukamwacha mmoja kwa kuwa sura yake ni tofauti na amehamia Marekani akatajirika. Umbo bapa na tunda lililonyooka, zile sababu za Wendland, ni mambo yaliyozuka baadaye kwenye tawi moja tu. Uamuzi wa 2015 ulikuja kuhalalisha jambo lililojulikana kwa karibu miaka 20.

Si kila badiliko lina sababu safi hivyo. Migunga yetu ilipoteza jina la Acacia kwa kura. Jenasi ile ilipogundulika kuwa makundi kadhaa, mkutano wa wataalamu wa mimea wa Vienna wa 2005 uliliacha jina kwa kundi la Australia, lenye spishi karibu 1,000, na wa Melbourne mwaka 2011 ukaridhia. Migunga ya Afrika ikawa Vachellia na Senegalia. Hapo nilinung'unika, na bado nanung'unika.

Na cheo kina gharama yake. Mfadhili akisikia spishi iko hatarini hufungua mfuko. Akisikia nususpishi hukunja uso. Mwamba wa chokaa wa Kilifi ukichimbwa, kinachokufa ni kilekile.

Jambo moja wapenzi wa vyungu hawaambiwi: kanuni za kimataifa za majina ya mimea haziamui kundi lipi ni la kweli. Zinaamua tu jina litakalotumika ukishachagua kundi. Anayeona Saintpaulia inastahili kusimama peke yake anaruhusiwa kuandika hivyo, mradi aweze kujibu hoja ya DNA. Mimi kwenye karatasi zangu naandika Streptocarpus ionanthus. Wauzaji wa maua, wenye lebo zilizokwisha kuchapishwa, hawana haraka.