Alexander Mackay: mmisionari kijana kati ya Kageye na Usambiro

Kageye ni kijiji cha wavuvi kwenye ufukwe wa Ziwa Victoria, wilaya ya Magu, mkoani Mwanza. Wageni wachache wanaofika huko kwa ajili ya historia huwa wanamtafuta Henry Morton Stanley, aliyepiga kambi hapo mwaka 1875. Miaka mitatu baadaye, Juni 1878, alifika Kageye Mzungu mwingine ambaye hatajwi sana upande wetu wa ziwa. Alikuwa na miaka 28, ametoka pwani kwa miguu, na wenzake wengi aliosafiri nao kutoka Uingereza walikuwa wamekwisha kufa au kurudishwa kwao wagonjwa. Jina lake Alexander Mackay. Uganda wanamkumbuka vizuri. Sisi tumeona tueleze zaidi ile sehemu ya maisha yake iliyopita huku kusini, kwa sababu ndiko alikoanzia kazi ya ziwani na ndiko alikofia.

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, kaskazini mashariki ya Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji, na alitamani mtoto naye awe mchungaji. Kijana akapenda vyuma. Alisomea ualimu na uhandisi mjini Edinburgh, kisha mwaka 1873 akaenda Ujerumani, akaajiriwa Berlin na kampuni ya mitambo kama mchoraji wa mashine. Mshahara ulikuwapo na mbele yake kulikuwa kweupe.

Kilichombadili ni gazeti. Novemba 1875 Daily Telegraph la London lilichapisha barua ya Stanley kutoka Buganda, akiomba wamisionari waende kwa Kabaka Mutesa. Stanley aliandika kwamba hawatakiwi wahubiri watupu. Atakiwe mtu anayeweza pia kujenga nyumba, kulima, kutibu na kufua chuma. Chama cha kimisionari cha Kanisa la Uingereza, CMS, kikaanza kukusanya watu, na Mackay akajiandikisha. Aprili 1876 wanaume wanane waliagwa. Mackay alikuwa mdogo kuliko wote. Inasimuliwa kwamba zamu yake ya kusema ilipofika aliwaambia viongozi wa chama kuwa huenda ndani ya miezi sita wakapata habari ya kifo cha mmoja wao, na habari hiyo ikija wasivunjike moyo bali watume mtu mwingine mara moja.

Hakukosea. Meli iliwafikisha Zanzibar mwishoni mwa Mei, na mwezi Agosti fundi mwashi wa kundi, James Robertson, akafariki kwa homa. Mackay mwenyewe aliugua vibaya njiani akielekea bara, akarudishwa pwani. Alipopona alipewa kazi ya kupasua njia ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa, umbali wa kilomita zipatazo 370. Aliongoza vibarua wa pwani wenye mapanga, mashoka na majembe, na hapo ndipo Kiswahili chake kilipokomaa. Njia ilipatikana. Magari hayakufika mbali, kwa sababu ng'ombe walikufa kwa mbung'o.

Kageye: mwezi wa kufukua mizigo

Wakati huo wenzake waliomtangulia walikuwa tayari ziwani, na mambo yao yaliharibika moja baada ya jingine. Daktari wa kundi, John Smith, alifia Kageye Mei 1877. Desemba mwaka huohuo kiongozi wao, Luteni Shergold Smith, pamoja na O'Neill, waliuawa kisiwani Ukerewe. Wawili wengine walikuwa wamerudishwa kwao kwa ugonjwa. Kati ya wanane wakabaki Mackay na mchungaji Wilson, naye Wilson alikuwa ng'ambo ya ziwa, Buganda.

Kwa hiyo Mackay aliingia Kageye na kukuta kibanda kilichojaa mali ya watu wasiokuwapo. Humo mlikuwa na vipande vya injini ya mvuke, mabomba, misumeno, vitabu, dawa, mbegu za bustani, herufi za kupigia chapa, nguo na vyombo, vyote vimerundikwa pamoja, vimeshika kutu au vimeguswa na mchwa. Mizigo hiyo ilikuwa imebebwa vichwani na wapagazi kutoka pwani. Kila kipande kilikuwa kimelipiwa, na sehemu ya malipo hayo ilikuwa nguvu za watu waliougua njiani kama wazungu walivyougua, ila hakuna aliyeandika majina yao.

Alichofanya ni kukaa chini na kupanga. Aliandika nyumbani kwamba ilimchukua siku nyingi kutenganisha vitu, kupaka mafuta, kunyoosha vilivyopinda na kutafuta skrubu za injini kwenye rundo la vitambaa. Kisha akahamia kwenye mashua yao, Daisy, iliyokuwa imekauka juani na kutoboka. Ikabidi mbao zibadilishwe, viraka vipigwe na maungio yakalafatiwe upya. Watu wa Kageye walikuja kutazama. Wao walikuwa mafundi wa chuma na wa mitumbwi kabla yake, na Usukuma ilijua majembe ya kufuliwa muda mrefu kabla ya Wazungu, kwa hiyo kilichowavuta ni ile mashine ya kukereza iliyozunguka na kutoa umbo la mviringo.

Siku zake za kawaida zilikuwa hivyo. Asubuhi sala na kusoma Biblia, mchana fuawe na mivukuto, jioni barua kwa mwanga mdogo. Chakula kilinunuliwa kwa vitambaa na shanga, yaani nafaka, ndizi, mbuzi na samaki wa ziwani. (Sangara tunayemjua leo hakuwapo; aliletwa katika karne ya 20.) Barua ilichukua miezi kufika pwani na miezi mingine kufika Scotland, hivyo jibu la swali aliloliuliza Kageye lilimkuta akiwa ameshasahau swali lenyewe. Halafu homa. Mackay na wenzake waliamini inatokana na hewa mbaya ya mabwawa. Walimeza kwinini bila kujua kinga ya kweli, maana uhusiano wa mbu na malaria ulithibitishwa na Ronald Ross mwaka 1897, wakati wengi wa wanane wale walikuwa kaburini.

Safari ya kwa Lukonge

Kulikuwa na jambo ambalo hakuweza kulirekebisha kwa nyundo. Wenzake wawili walikuwa wameuawa Ukerewe, na kutoka Kageye kisiwa hicho si mbali.

Kisa chenyewe kilihusu mfanyabiashara aitwaye Songoro, aliyekuwa akiunda jahazi kisiwani na kufanya biashara na watu wa pwani. Shergold Smith na O'Neill walilinunua jahazi hilo. Songoro akagombana na mtawala wa Ukerewe, Lukonge, akakimbilia kwa wamisionari apate hifadhi. Wao hawakumtoa. Watu wa Lukonge waliposhambulia, wote watatu waliuawa, pamoja na wengi wa watu waliokuwa nao.

Wengi walitazamia kisasi. Wenyeji wa Kageye walimsihi Mackay asiende, wakiamini hatarudi. Alikwenda, tena bila silaha, akakaa siku chache kwa Lukonge na kuzungumza naye. Kwa maelezo ya Mackay, Lukonge alisema ugomvi wake ulikuwa na Songoro na hakukusudia kuwaua wageni. Mackay akarudi mzima Kageye.

Tunaona hapa ndipo imani yake ilipopimwa zaidi kuliko mahali pengine popote upande huu wa ziwa. Kutengeneza mashua ni kazi ya fundi yeyote mwenye subira. Kuketi na mtu ambaye watu wake wamewaua rafiki zako, na kuondoka bila kudai damu, ni jambo jingine. Aliamini alichokuja kukihubiri kingekuwa maneno matupu kama angeanza kwa bunduki.

Agosti 1878 Wilson alikuja kumchukua, wakatweka tanga la Daisy. Dhoruba iliwatupa ufukwe wa magharibi na mashua ikavunjika. Wakakata sehemu ya katikati iliyoharibika, wakaunganisha tezi na omo, na ikawa mashua fupi iliyowafikisha Buganda Novemba.

Miaka tisa ng'ambo

Ya Buganda yameandikwa sana, nasi tutayapita haraka. Mackay alifundisha kusoma, akapiga chapa, akachonga herufi, akachimba kisima, na alipofariki mama yake Mutesa alitengeneza jeneza kubwa la kifalme. Alianza kufundisha kwa Kiswahili, kwa kuwa barazani kwa Kabaka lugha hiyo ilieleweka na tafsiri za Askofu Edward Steere wa Zanzibar zilikuwapo, Kiganda kilifuata. Watu wakampa jina la Mzungu wa Kazi. Alibishana vikali na mapadre Wafaransa wa White Fathers waliofika mwaka 1879, na katika mabishano hayo hakuna upande uliojipatia sifa.

Mutesa alifariki Oktoba 1884, Mwanga akatawala. Mwishoni mwa Januari 1885 Mackay alikuwa njiani kuelekea ziwani na vijana wa nyumbani kwake walipokamatwa. Watatu waliuawa tarehe 31: Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga. Tarehe 3 Juni 1886 wengi zaidi, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa Namugongo. Mackay hakuguswa. Aliomba, alisihi, alipeleka zawadi kwa Kabaka, na usiku alichapa maneno ya faraja kwa wale waliojificha. Anayesoma habari zake lazima akumbane na ukweli huu: mgeni ndiye aliyeleta kitabu, lakini waliokufa kwa sababu ya kukisoma walikuwa vijana wa hapohapo.

Usambiro

Julai 1887 ilimbidi aondoke Buganda. Alivuka ziwa kurudi kusini na kuanzisha kituo Usambiro. White Fathers nao walikuwa na kituo Bukumbi tangu mwaka 1883, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Misungwi. Kwa hiyo mahasimu wa Buganda wakawa majirani. Wamisionari wote walipofukuzwa Buganda Oktoba 1888, Waprotestanti na mapadre walipakiwa katika mashua moja, Eleanor. Njiani kiboko aliigonga ikazama, na baadhi ya vijana waliokuwamo wakafa maji. Walionusurika waliikarabati pamoja wakafika kusini.

Usambiro hapakuwa mahali pa raha. Machi 1888 askofu mpya, Henry Parker, na mmisionari Blackburn walifariki hapo, wakipishana wiki mbili tu. Mackay aliendelea. Alifyatua matofali, akajenga, akawafundisha vijana wa Kiganda waliokimbia na watoto wa jirani, akatafsiri Injili ya Yohana katika Kiganda, na akaanza kuunda boti ya mvuke kwa mbao alizokata na kusafirisha mwenyewe. Stanley alipita hapo na Emin Pasha kuanzia mwisho wa Agosti 1889, akakaa karibu wiki tatu. Alimkuta mtu mfupi mwenye ndevu za kahawia na nguo nyeupe safi, nyumba yake imejaa vitabu, na alishangaa kwamba upweke wa miaka yote hiyo haukumvunja.

Haimaanishi kwamba hakuwa na kasoro. Barua zake zina maneno makali juu ya Waarabu na Wakatoliki, na alizidi kuamini kuwa bila mkono wa Uingereza kazi yake haitadumu. Kijana aliyekwenda kwa Lukonge mikono mitupu alimaliza akiandika juu ya reli na dola.

Chama chake kilimwandikia arudi nyumbani apumzike. Alikuwa hajakanyaga Ulaya tangu mwaka 1876. Januari 1890 alijibu kwamba wafanyakazi ni haba mno na huu si wakati wa kuacha zamu. Watume kwanza watu ishirini, alisema, ndipo labda atakuja kuwasaidia kuwatafuta ishirini wengine. Mwezi uliofuata mwenzake Deekes, aliyekuwa mgonjwa na yuko tayari kuondoka, alizidiwa siku ileile ya safari, akabaki. Kisha homa ikamshika Mackay. Alifariki tarehe 8 Februari 1890, akiwa na miaka 40.

Deekes alitengeneza jeneza kwa mbao zilizokuwa zimekatwa kwa ajili ya ile boti. Vijana wa Kiganda waliimba, na Mackay akazikwa karibu na Askofu Parker.

Miezi michache baadaye, Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mpaka upite katikati ya ziwa, na Usambiro ikabaki upande wa Wajerumani. Kituo hakikudumu. CMS iliendelea kwa muda na kituo cha Nasa, ambacho sasa kiko mkoa wa Simiyu, hadi mwaka 1909 ilipokikabidhi kwa Africa Inland Mission. Kutoka kazi hiyo lilitokea kanisa la AICT, lenye makao makuu jijini Mwanza. Mifupa ya Mackay ilihamishwa mwaka 1927 kwenda Kampala, na kaburi lake liko kwenye kanisa kuu la Namirembe.