Nauli ya Kupiga Simu

Mwaka 2020, korona ilipofunga vyuo, nilirudi nyumbani upande wa Kasigau na begi moja na simu yenye kioo kilichopasuka. Chuo kikatangaza kwamba masomo yanaendelea kwenye intaneti. Sawa. Shida ni kwamba kwetu bondeni mtandao unashika mahali pamoja tu, juu ya jiwe lililo nyuma ya boma la jirani, na hata hapo unakuja na kupotea. Siku za mtihani nilidandia matatu hadi Maungu, kisha nyingine hadi Voi, nikakaa nje ya duka la mtu nikijibu maswali. Bando lilikuwa bei nafuu. Kilichonimaliza ni nauli. Muhula uliofuata sikurudi chuoni. Kulikuwa na sababu zingine, karo ikiwemo, ila hiyo ya nauli ndiyo huniuma zaidi.

Nilipomlalamikia nyanya, alicheka mpaka akashika mbavu. "Kwani wewe ndiye wa kwanza kulipa nauli ndio uongee na simu?"

Kumbe miaka ya themanini, babu akiwa kibarua Mombasa, nyanya alikuwa akienda Voi kumpigia. Kwanza barua: Jumamosi fulani, saa nne, usiondoke karibu na simu ya duka la Mhindi. Halafu safari. Halafu foleni kwenye kibanda cha simu, sarafu zimefungwa kwenye ncha ya leso. Waliongea dakika tatu, nne hivi, zote za karo na magonjwa. Sarafu zikiisha, simu inakata, hata kama sentensi iko katikati.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia swali moja: simu ina bei mbili. Kuna bei ya dakika, hiyo inayopigiwa kelele ikipanda. Na kuna bei ya kuifikia simu yenyewe, ambayo hakuna anayeitangaza. Hii ya pili ndiyo watu wa kwetu wamelipa muda mrefu zaidi.

Tuanze na waya. Waya za telegrafu zilifika Voi pamoja na reli ya Uganda. Kufikia 1898, wakati simba walikuwa wakila wafanyakazi kwenye daraja la Tsavo, reli ilikuwa imeshapita kwetu. Waya hizo zilikuwa za serikali ya kikoloni na za reli, zitume habari kati ya Mombasa na bara. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza 1914, Wajerumani wakaiteka Taveta, na mwaka uliofuata Waingereza wakaanza kujenga reli ya kijeshi kutoka Voi kupitia Maktau. Pesa zilipatikana haraka sana. Mtaita aliyetaka kusalimia mtu Mombasa hakuwa kwenye hesabu ya yeyote. Tulipitiwa na mawasiliano kabla ya kupewa.

Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977, Kenya ikaunda shirika lake la posta na simu. Kupata laini ya mezani kulitaka maombi, ada ya kuunganishwa, kisha kodi ya laini kila mwezi, upige usipige. Mwenye mshahara mjini aliweza. Mwenye mbuzi wanne Kasigau hakuweza. Kwa hiyo nyanya alitumia kibanda, na kibanda kilikuwa Voi.

Mwaka 1999 shirika hilo likagawanywa: posta kivyake, Telkom Kenya kivyake, na tume ya kusimamia mawasiliano. Mwaka wa 2000 mashindano ya simu za mkononi yakaanza kwa kweli, Safaricom na Kencell. Kencell walihesabu kwa dakika. Safaricom walihesabu kwa sekunde: ukiongea sekunde kumi, unalipia kumi. Jambo dogo, lakini ndilo lililomfungulia mlango mtu wa mfuko mdogo. Hakuna kodi ya mwezi tena. Unakwaruza kadi, unaongea, ikiisha unanyamaza.

Na tukabuni ujanja wetu: kuflashi. Unapiga, inalia mara moja, unakata. Wengi waliona ni ubahili tu. Mimi naona ni sheria ambayo wananchi walijitungia bila bunge. Mtoto humflashi mzazi. Mke wa kijijini humflashi mume aliye mjini. Anayetafuta kazi humflashi mwenye kazi, na mwenye kazi asipopiga, watu husema amejisikia. Sheria ni moja: mwenye nacho ndiye anayepiga. Kampuni zenyewe zikaikubali, zikaleta ujumbe wa bure wa kuomba upigiwe.

Agosti 2010 bei zikaanguka. Tume ilipunguza ada ambayo kampuni hulipana simu inapovuka kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Zain wakashusha simu hadi bob tatu, wengine wakafuata. Nakumbuka nikiwa mdogo, watu wakiongea barabarani bila kuangalia saa. Mwaka uliofuata bei zikaanza kupanda tena. Kisha kodi: ushuru wa simu ulikuwa asilimia 10, ukafika 15 mwaka 2018, 20 mwaka 2021, ukarudi 15 mwaka 2023. Ushuru huo haukuulizi unapigia wapi. Anayepigia mpenzi wake akiwa kitandani Kilimani na anayepigia daktari akiwa juu ya jiwe Kasigau wanakatwa sawa.

Sasa piga hesabu na mimi. Kwa viwango vya 2023, ushuru ni asilimia 15, na juu yake VAT asilimia 16. Ukinunua kredo ya shilingi 100, karibu shilingi 25 ni kodi. Upande wa pili kuna mfuko wa huduma kwa wote, uliowekwa kwenye sheria mwaka 2009 ili kupeleka mtandao mahali kampuni zinaona hakuna faida. Kampuni huuchangia nusu asilimia ya mapato. Kwa kredo yako ile, ni kama senti 37. Shilingi 25 zinaenda kwa Hazina. Senti 37 zinaenda kutafuta jiwe letu.

Siwezi kusema kampuni hazina hoja. Mnara nyuma ya mlima unataka barabara, stima au dizeli, na mlinzi, yote katika nchi ya ndovu, kwa wateja wanaonunua kredo ya bob tano. Bei za simu peke yake haziwezi kuulipia, na kumpandishia bei mtu wa bob tano ili kumjengea mnara ni kumkopesha pesa zake mwenyewe. Lakini hakuna aliyeuliza reli ya Maktau kama itarudisha faida. Ilijengwa kwa sababu aliyekuwa na uwezo aliamua inahitajika.

Mwaka 2009 nyaya za baharini za intaneti zilifika Mombasa, na njia kutoka pwani hadi Nairobi inapita Voi, kama telegrafu ilivyopita. Wanaofaidi zaidi njia hiyo ni benki, kampuni na wizara za Nairobi. Kama wangefuata sheria ya flashi, wangekuwa wao wa kupiga. Kanuni zinaruhusu mchango wa mfuko ufike asilimia moja. Nusu iliyobaki ichukuliwe. Sehemu ya zile shilingi 25 nayo irudi kwenye minara. Na kila kata ibandikwe kwa chifu karatasi moja inayosema kimejengwa nini na kwa pesa ngapi.

Jana nyanya aliniflashi. Nilijua amepanda mwenyewe hadi kwenye jiwe, na magoti yake yale. Nilimpigia mara moja, kabla hajaanza kushuka.