Nasaba na Mirabaraba ya Waskoti

Mtu wa asili ya Uskoti atakaye kujua ni nguo ipi ya mirabaraba, iitwayo tatani, impasayo kwa jina la ukoo wake, hudhani kuwa anauliza habari ya kale mno. Walakini tarehe yashuhudia kinyume. Martin Martin, aliyeandika mwaka 1703, asema kuwa mirabaraba ilihitilafiana kisiwa kwa kisiwa, hata mtu aliweza kukisia makazi ya mvaaji. Wala hakutaja nasaba.

Baada ya vita vya Culloden, vilivyozima uasi wa wafuasi wa Stuart, serikali ya Uingereza ilipiga marufuku mavazi hayo kwa wanaume wa milimani, ila askari wake, na sheria hiyo haikubatilishwa mpaka 1782. Hapo ndipo biashara ikashika hatamu: akina Wilson, wafumaji wa Bannockburn, waliokuwa wakiuza baadhi ya mitindo yao kwa nambari tupu, wakaipa majina ya koo, na Mfalme George wa Nne alipozuru Edinburgh mwaka 1822, kwa tadbiri ya mwandishi Walter Scott, wakuu wa koo walitakiwa wahudhurie na mirabaraba yao. Mwaka 1842 ndugu wawili, waliodai damu ya wafalme wa Stuart, wakachapisha kitabu cha tatani kilichothibitika baadaye kuwa cha kughushi, na hata leo koo kadhaa zavaa, kwa fahari kubwa, mitindo iliyotoka humo.

Basi, msomaji mwenye damu hiyo, chagua jina la baba, la mama, au wilaya ya wazee wako, sheria haikukatazi.