Programu ya kuendesha upimaji

Programu ya kuendesha upimaji ni programu ya kompyuta inayoongoza mitambo ya maabara ya kihandisi ifanye mfululizo wa vipimo bila mtu kugusa kila kifaa kwa mkono. Huwasha chanzo cha umeme au kufungua vali, husubiri hali itulie, husoma vihisi, hulinganisha matokeo na mipaka iliyowekwa na kiwango, kisha huandika kama kifaa kimefaulu au kimeshindwa. Hutumika kupima injini, nyaya, betri, simu, nondo za ujenzi na vifaa vya hospitali.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam mfano ulio karibu zaidi ni mita ya LUKU na dira ya maji. Mita iliyofungwa ukutani Tandale au Mbagala huwa imepita kwanza kwenye benchi la upimaji, pamoja na nyingine za aina yake, na mara nyingi aliyesema "imefaulu" ni kompyuta. Ndiyo maana makala hii inaeleza zaidi upimaji wa mita.

Kwa nini mita hupimwa

Mita ni mizani. Muuza nyama akiwa na mizani mbovu, mteja anaweza kwenda bucha nyingine; mwenye mita mbovu hana pa kwenda, kwa kuwa umeme na maji huja kwa waya mmoja na bomba moja. Katika nyumba za kupanga za Kinondoni na Temeke, ambako wapangaji kadhaa huchangia mita moja, uniti zikiisha haraka ugomvi huanza kati ya majirani wenyewe: nani ana friji, nani anapiga pasi usiku. Mara nyingi mita haina kosa. Lakini jibu la haki hupatikana kwa kuipima tu.

Nchini Tanzania jambo hili lina mikono miwili ambayo wanafunzi huichanganya. Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975 na lenye makao Ubungo, eneo lililokuwa sehemu ya wilaya ya Kinondoni, hutunza vipimo rejea vya taifa na lina maabara ya ugezi. Ugezi ni kulinganisha kifaa cha kupimia na kingine kilicho sahihi zaidi ili kujua kosa lake. Wakala wa Vipimo (WMA), ulioanzishwa mwaka 2002, husimamia Sheria ya Vipimo, Sura ya 340: hukagua mizani, pampu za mafuta, matangi ya magari ya mafuta na mita, na kutia lakiri kwenye kilicho sahihi. Wakala una kituo cha upimaji Misugusugu, Kibaha, mkoani Pwani, kando ya barabara ya Morogoro. Malalamiko yasiyomalizika kati ya mteja na kampuni ya umeme au maji hupelekwa EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji.

Benchi la mita za umeme

Benchi lina fremu ya kutundikia mita, chanzo kinachotoa volteji na mkondo vinavyoweza kubadilishwa, mita ya rejea iliyo sahihi kuliko zinazopimwa, na kihisi cha mwanga mbele ya kila mita. Kihisi hicho huangalia taa ndogo nyekundu ambayo kila mwenye LUKU ameiona ikipepesa. Kupepesa huko kuna maana ya hesabu: mita iliyoandikwa "1000 imp/kWh" hupepesa mara 1,000 kwa kila uniti moja, yaani kila mpigo ni sawa na wati-saa 1.

Programu huanza kwa kusubiri. Mita huachwa na umeme kwa muda ili zifikie joto la kazi, kwa maana kifaa baridi na kifaa moto havisomi sawasawa. Baada ya hapo huja jaribio la mita isiyo na mzigo: volteji hupandishwa hadi asilimia 115 ya ile ya kawaida, yaani takriban volti 264 kwa mita ya volti 230, na mkondo huzimwa kabisa. Katika muda uliowekwa mita haitakiwi kutoa zaidi ya mpigo mmoja. Mita inayoshindwa hapa ndiyo ile ambayo watu husema "inakula umeme hata taa zikiwa zimezimwa".

Jaribio la kuanza ni kinyume chake. Mkondo mdogo sana hupitishwa ili kuona kama mita inaamka. Kwa mita ya daraja la 1 yenye mkondo wa msingi wa ampea 5, kiwango cha kimataifa cha IEC 62053-21 kinataka ianze kuhesabu kwenye asilimia 0.4 ya mkondo huo, yaani ampea 0.02. Kwa volti 230 hizo ni wati 4.6, sawa na balbu ndogo ya LED. Mita isiyoamka hapo humfurahisha mteja na kumwibia mtoa huduma.

Kisha huja kiini cha kazi, yaani usahihi katika mizigo mbalimbali. Tuseme mita ya mipigo 1,000 kwa uniti imepewa volti 230 na ampea 5, sawa na wati 1,150, karibu na mzigo wa pasi. Programu husubiri mipigo 10, ambayo huchukua sekunde 31 hivi, na wakati huohuo husoma mita ya rejea. Mita imedai wati-saa 10. Tuseme ya rejea imesoma 9.92. Kosa ni:

(10 − 9.92) ÷ 9.92 × 100 = +0.81%

Alama ya kujumlisha ina maana kwamba mita inamzidishia mteja. Kwa daraja la 1 mpaka katika mzigo huu ni asilimia 1 juu au chini, hivyo mita imefaulu. Mzigo ukishushwa hadi ampea 0.25, mipigo hiyohiyo 10 ingechukua zaidi ya dakika 10, kwa hiyo programu nzuri hupunguza idadi ya mipigo bila kuharibu usahihi wa kipimo. Kazi hurudiwa kwa mkondo mkubwa, na pia kwa mzigo wa aina ya mota, kama friji na pampu, ambapo mkondo huchelewa nyuma ya volteji.

Kwa mita za LUKU kuna jaribio la ziada. Programu huingiza namba za malipo, huangalia kama uniti zimeongezeka inavyopaswa, kisha huacha salio liishe ili kuona kama swichi ya ndani inakata.

Dira za maji

Mpangilio ni uleule, ila badala ya waya kuna bomba, pampu na tangi la kupimia ujazo au uzito wa maji. Dira hupangwa kwa mstari, hewa yote hutolewa, na programu hufungua vali kwa mitiririko mitatu mikuu: mdogo kabisa ambao dira inapaswa kuuhesabu, wa mpito, na wa kawaida. Kiwango cha ISO 4064 kinaruhusu dira ya daraja la 2 kukosea asilimia 5 kwenye eneo la mtiririko mdogo na asilimia 2 kwenye eneo la juu. Maji yakizidi nyuzi joto 30, ruhusa ya eneo la juu hupanda hadi asilimia 3. Kwenye ukanda wa pwani, ambako tangi lililokaa juani huvuka nyuzi 30 bila shida, programu isiyosoma joto la maji haijui hata itumie mpaka upi.

Programu yenyewe hupimwaje

Mtu anayepima kwa mkono akikosea huharibu mita moja. Programu ikikosea hurudia kosa lilelile kwa maelfu ya mita, tena kwa cheti safi chenye jedwali na saini. Kwa sababu hiyo kiwango cha ISO/IEC 17025 cha mwaka 2017, kinachohusu umahiri wa maabara, kinataka programu za kukusanya na kuchakata data zithibitishwe kabla ya kutumika na kila zinapobadilishwa.

Makosa makubwa ndiyo mepesi kuyagundua. Fundi akiandika kwamba mita hutoa mipigo 1,000 kwa uniti wakati kwa kweli hutoa 1,600, kila mita itaonyesha kosa la +60%, na hakuna atakayeamini. Hatari zaidi ni makosa madogo. Programu inayokadiria 1.04 kuwa 1.0 kabla ya kulinganisha na mpaka hupitisha mita zilizopaswa kukataliwa. Vilevile programu inayomruhusu fundi kurudia jaribio hadi mita ifaulu, huku ikifuta matokeo ya kwanza, haitofautiani na mwanafunzi anayerudia mtihani mpaka apate alama anayotaka. Kumbukumbu ya kwanza lazima ibaki, pamoja na jina la aliyeibadilisha na tarehe.

Njia rahisi ya kuihakiki programu ni kuipa mita ambayo kosa lake linajulikana tayari. Mita yenye kosa la +1.5% iliyowekwa katikati ya mita nzuri inapaswa kukataliwa kila mara, popote itakapotundikwa kwenye benchi. Maabara makini huweka mita ya namna hiyo kabatini na kuirudisha benchini mara kwa mara. Mita ya rejea nayo hupelekwa kwenye ugezi kwa vipindi, kwa sababu ikianza kuteleza programu itafuata kuteleza huko kwa utiifu kamili.

Mambo ambayo benchi halioni

Benchi hupima kile lilichoagizwa tu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, walionyesha kwamba baadhi ya mita za kielektroniki zilizouzwa kihalali zilisoma hadi asilimia 582 zaidi ya umeme halisi zilipounganishwa na taa za LED na swichi za kupunguza mwanga. Maabara hutumia wimbi safi la umeme. Taa hizo hukatakata mkondo, na baadhi ya vihisi vya ndani ya mita vilichanganyikiwa.

Kuna pia kifaa kinachoutambua mtihani. Mwaka 2015 ilibainika kwamba kampuni ya Volkswagen iliweka ndani ya magari yake ya dizeli programu iliyotambua kwamba gari liko kwenye jaribio, ikapunguza moshi kwa muda huo tu. Takriban magari milioni 11 duniani yalihusika. Jaribio lenye hatua zilezile kila siku ni rahisi kudanganywa, na hilo linahusu mita kama linavyohusu magari.

Kwa maji tatizo ni la kila siku. Dira za kizamani zenye gurudumu huzungushwa na chochote kinachopita. Baada ya mgao, bomba likianza kujaa, hewa hutangulia maji na dira huhesabu. Mteja anayesema amelipia upepo anaweza kuwa mkweli hata kama dira yake imefaulu benchini, kwa kuwa benchini hewa iliondolewa kwanza.

Mfano wa mwisho ni wa LUKU. Mfumo wa kimataifa wa namba za malipo zenye tarakimu 20 huhesabu dakika tangu 1 Januari 1993 kwa kutumia biti 24, zinazotosha dakika 16,777,216 tu. Hesabu hiyo ilifika mwisho tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikubadilishiwa ufunguo kabla ya siku hiyo ilikuwa sahihi kabisa kwa kipimo cha uniti, ila isingepokea namba mpya. Ndiyo sababu wateja wa TANESCO waliombwa kuingiza kwanza namba za mabadiliko, kisha namba za umeme. Jaribio la usahihi lisingeonyesha kasoro hiyo hata likirudiwa mara mia. Ilihitajika programu iliyoagizwa kujaribu tarehe za mbele.

Historia

Mita za zamani zilikuwa na sahani ya alumini inayozunguka. Mpimaji alihesabu mizunguko kwa macho huku ameshika saa ya kusimamisha. Mwaka 1975 kiwango cha IEEE 488, kilichotokana na kazi ya kampuni ya Hewlett-Packard, kiliwezesha vifaa vya watengenezaji tofauti kuunganishwa na kompyuta kwa kebo ya aina moja. LabVIEW ya National Instruments ilitoka mwaka 1986, na mtumiaji wake huchora mtiririko wa kazi kwenye skrini badala ya kuandika mistari ya maagizo. Mwaka 1990 ilikuja SCPI, lugha ya pamoja ya kuamuru vifaa vya kupimia. Leo maabara nyingi huandika programu zao kwa Python.

Mafunzo

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kilianza kufundisha uhandisi mwaka 1973, kilishiriki katika mradi wa iLab pamoja na Makerere cha Uganda na Obafemi Awolowo cha Nigeria. Mradi huo ulitokana na kazi iliyoanzwa mwaka 1998 na Jesús del Alamo katika chuo cha MIT, Marekani. Mwanafunzi huchagua volteji na vipimo vyake kupitia intaneti, seva hupanga maombi kwa foleni, huendesha jaribio kwenye kifaa halisi, na kumrudishia grafu. Kwa vyuo vyenye kifaa kimoja na wanafunzi mamia, foleni hiyo ya kompyuta humpa kila mmoja nafasi ya kupima mwenyewe, mradi umeme na mtandao vipo.