Kwa nini redio ya mjomba ilikataa CD yangu

Leo tuweke kando mambo ya kuandika programu, twende hadi Desemba 2003, sebuleni kwa mjomba wangu kule Voi. Jamaa walikuwa wamekusanyika kumkumbuka nyanya. Mimi, kijana wa kompyuta kutoka Nairobi, nilikuja na zawadi. Kulikuwa na kanda ya kaseti ambamo nyanya alirekodiwa akitaja ukoo wetu mtu kwa mtu, dakika 38, nami nilikuwa nimeihamishia kwenye CD. Mjomba akaitia ndani ya redio yake kubwa, aliyoletewa kutoka Dubai mwaka 1988. Ikazunguka, ikasita, ikazunguka tena, halafu ikaandika kwamba hakuna CD ndani.

"Mpwa wangu," akasema mjomba, "umetuletea kioo cha kunyolea?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana usiku uliotangulia niliisikiliza CD hiyo hiyo kwenye kompyuta yangu na ilikuwa safi kabisa! Nikaanza kutafuta kosa, na kila kosa nililolipata lilikuwa na mwaka wake katika historia.

Kanuni za CD ya muziki ziliwekwa na Philips na Sony mwaka 1980, katika kile kinachoitwa Kitabu Chekundu. CD zenyewe zilianza kuuzwa Japani Oktoba 1982. Zilikuwa za kiwandani: vishimo vidogo vimegandamizwa kwenye plastiki, juu yake utando wa alumini, na leza inasoma kwa kuangalia mwanga unaorudi. Kitabu kilidai CD irudishe angalau asilimia 70 ya mwanga huo. Aliyeitengeneza redio ya mjomba aliamini jambo hilo moja, kwamba kila CD inang'aa. Hakuwa na sababu ya kufikiria mtu atakayechoma ya kwake nyumbani.

Mwaka 1988 kampuni ya Taiyo Yuden ya Japani ilileta CD ya kurekodi, yenye rangi maalum ambayo leza kali huiunguza, na mwaka 1990 kanuni zake zikaandikwa katika Kitabu cha Rangi ya Machungwa. Hapa ndipo penye ujanja ninaoupenda. CD hiyo haina vishimo, ila madoa yake yanaidanganya mashine ya zamani idhani ni vishimo, na inang'aa karibu sawa na ya kiwandani. Lakini mwaka 1997 ikaja CD-RW, ile ya kufuta na kurekodi upya. Hiyo haitumii rangi bali mchanganyiko wa metali unaobadilika hali kwa joto, na hurudisha asilimia 15 hadi 25 tu ya mwanga.

Mnaona tunakokwenda? Kwa ubahili wangu nilikuwa nimetumia CD-RW, nikisema nikikosea nitafuta. Kiendeshi cha kompyuta yangu kilitengenezwa kikijua CD za aina hiyo zipo, kikaikuza ishara dhaifu. Redio ya 1988 iliona giza, ikasema ukweli wake: hakuna CD.

Nikarudi Nairobi, nikanunua CD-R ya kawaida, nikachoma, nikaituma kwa basi. Ikakataa tena! Safari hii sikuwa nimeifunga. CD ya kiwandani ina orodha ya yaliyomo pale mwanzoni, karibu na tundu la katikati. Ya kurekodi haiwezi kuwa na orodha hiyo kabla hujamaliza, kwa hiyo mashine ya kuchomea huweka orodha ya muda mahali ambapo ni mashine za kuchomea tu zinapajua. Usipoifunga, redio inafika mlangoni haikuti anwani. (Ya tatu niliichoma kama faili za MP3. Jina hilo la faili ni la 1995. Redio ya 1988 ingelijulia wapi?)

Ya nne ikaimba. Mjomba akapiga simu kunieleza kwamba mama yangu amelia. Nikajiona fundi.

Kosa kubwa ndipo nilipolifanya. Nilibandika stika ya karatasi yenye picha ya nyanya juu ya CD, nikafuta faili kwenye kompyuta. Piga hesabu mwenyewe: sampuli 44,100 kwa sekunde, baiti 2 kila moja, mikondo miwili, ni baiti 176,400 kwa sekunde. Dakika 38 ni karibu megabaiti 400, na diski yangu ilikuwa ndogo. Kaseti nayo, binamu mmoja akairekodia kwaya juu yake. Simlaumu, nilishamwambia tuna CD.

CD ya muziki inajua kuficha maradhi yake. Kila baiti 24 za sauti husindikizwa na baiti 8 za ulinzi, kwa hesabu ambayo msingi wake ulichapishwa na Irving Reed na Gustave Solomon mwaka 1960. Baiti hizo hutawanywa, hivyo mkwaruzo wa milimita 2 na ushei hurekebishwa bila wewe kusikia. Ukizidi hapo, mashine hukisia sauti iliyopotea kwa kutazama jirani zake. CD ya data ina tabaka jingine la ulinzi, ndiyo maana sehemu ya baiti 2,352 hubeba data 2,048 tu. Ya muziki haina tabaka hilo. Kwa hiyo makosa huongezeka mwaka hadi mwaka na sikio halisemi kitu, mpaka siku moja linakatika.

Kwetu ilikuwa 2019. Stika ilikuwa imejikunja pembeni na kuvuta ule utando unaong'aa, ambao upande wa juu umefunikwa na vanishi nyembamba tu. Wengi tunalinda upande wa chini, kumbe hatari iko juu. Nilijaribu viendeshi vitatu kwa cdparanoia, programu ya Linux inayosoma sehemu ile ile tena na tena. Viwili vilishindwa. Cha tatu, kilichotoka kwenye kompyuta kuukuu ya ofisini, kilihangaika usiku kucha kikatoa dakika 36 na kidogo.

CD husomwa kutoka katikati kwenda nje, kwa hiyo kilichopotea ni mwisho wake. Ukoo wote upo, hadi babu yake babu. Hatuna tena pale nyanya alipomaliza na kumuuliza mjomba kama hiyo mashine bado inarekodi.